Karatasi ya Kwenda Sokoni

Vidonge vilikuwa vimebaki sita. Hnia alikuwa amekwisha kuvipasua katikati, nusu ya asubuhi na nusu ya jioni, na hesabu yake ilikuwa siku sita. Daktari alimwambia tangu mwaka wa kwanza wa kuugua kwamba dawa hii haiachwi ghafla. Mtu huipunguza kidogo kidogo huku daktari akimwangalia, ama sivyo mwili humgeukia mwenyewe. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kukisia nini kingempata siku ya saba.

Dawa yenyewe haiuzwi ovyo. Mfamasia huifungia kabatini na hampi mtu mpaka alete cheti kipya, na cheti hakiandikwi mpaka mgonjwa mwenyewe aonekane hospitalini kila baada ya wiki nne. Utaratibu mzuri sana huo, watu wakiwa wanatoka nje. Lakini huo ulikuwa mwezi wa nne wa mwaka wa korona, na Meknes nzima, huko Moroko, ilikuwa imefungiwa ndani. Kila nyumba ilipewa karatasi moja ya kutokea, ya mtu mmoja, yenye jina lake, sababu yake na muhuri. Aliyezigawa ni Si Jilali, yaani Bwana Jilali, mukadamu wa mtaa, mtu wa serikali ambaye hapo zamani kazi yake kubwa ilikuwa kuchungulia nani kaongeza chumba juu ya dari bila kibali. Sasa mkononi mwake kulikuwa na ruhusa ya kuliona jua. Kuna watu hawafai kukabidhiwa muhuri, na serikali zote duniani zina kipaji cha kuwapata.

Karatasi ya nyumba ya Hnia ilikuwa na jina la mumewe, Buazza, mwenye tanuri la mtaa.

"Nenda kwa Si Jilali aibadilishe iwe ya jina langu," Hnia alimwambia. "Wewe unayo ya kazi, ya nyumba huihitaji. Aandike hospitali."

Buazza alikuwa anajipangusa majivu mikononi. "Hospitali ya nini?"

"Unajua ya nini."

"Mimi najua. Mtaa haujui." Akaketi na kushusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu chumbani. "Sikiliza, mama. Nyumba sitini zinaniletea mikate mibichi juu ya mbao zao, nawaokea, wanakula. Ukiandikwa mgonjwa, kabla ya adhuhuri watasema korona imeingia tanurini. Tukisema siyo korona, watauliza basi ni nini. Tukiwaambia ni nini, watasema mke wa Buazza kapandwa na majini, na nani atakula mkate uliopita mikononi mwa mwenye majini? Haya, chagua wewe."

"Kwa hiyo nife kimya, mikate iive."

"Miaka minne hukufa."

"Miaka minne nilikuwa na dawa."

Buazza akainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mwanzoni mwa korona, Hnia aliona jambo ambalo hakumwambia mtu. Watu wote walikuwa wamegeuka kuwa yeye. Waliosha malimau kwa sabuni, wakafuta vitasa vya milango, wakakaa kitandani wakisikiliza pumzi zao. Kwa wiki nzima alidhani sasa ataeleweka. Badala yake jirani yake, Lalla Ghanu, yaani Bibi Ghanu, alimpigia kelele kutoka juu ya dari la nyumba ya pili huku akianika mashuka, "Wewe Hnia umezoea, kwako hii ni sikukuu," na madari matatu yakacheka. Wamepata theluthi ya anachokijua yeye, na bado wana nguvu za kumcheka.

Kesho yake Buazza alirudi na karatasi. Ilikuwa na jina la Hnia kweli, na muhuri kweli. Ilimgharimu mikate minne ya moto, iliyofungwa vizuri kwa kitambaa na kuachwa mlangoni kwa Si Jilali.

Hnia akaisoma. "Sababu ya kutoka: kununua mahitaji."

"Hilo haliulizwi na mtu. Utachukua kikapu."

"Hospitali ipo ng'ambo ya pili ya mji, Buazza. Karatasi hii ni ya soko la mtaa."

"Atakayekuona ana kikapu atakuuliza nini? Nenda asubuhi, wakati bado wana usingizi."

Akaenda asubuhi. Alikuwa hajatoka nje kwa siku ishirini na tisa. Aliupitia ukuta akiugusa kwa vidole, kisha akakumbuka kwamba ukuta haugusiki siku hizi, akavifuta vidole kwenye jilbabu. Katika lango la mji wa kale palikuwa na kizuizi cha chuma na askari wawili, vijana, barakoa zimewashuka chini ya pua.

"Unakwenda wapi, Lalla?"

"Kununua mahitaji."

Askari akaisoma karatasi. "Soko umeliacha nyuma yako. Huko mbele unanunua nini?"

"Nyanya. Za huko ni rahisi."

"Huko mbele kuna hospitali na makaburi. Nyanya wanauza wapi kati ya hayo mawili?" Akamgeukia mwenzake. "Njoo umsikie huyu."

Mwenzake akaja kumsikia. Hnia alijaribu kusema neno jingine, pumzi ikakataa kushuka. Alijua hali hiyo, alifundishwa kuhesabu mpaka nne akiingiza na mpaka sita akitoa, akaanza kuhesabu. Yule askari akaruka nyuma hatua mbili na kupandisha barakoa.

"Unakohoa?"

"Sikohoi. Napumua."

"Kapumulie kwenu. Na shukuru, ningekutoza faini, ila una umri wa mama yangu."

Hnia alikuwa na miaka arobaini na nne. Akarudi na kikapu chake kitupu, mlango kwa mlango, na nyuma ya kila dirisha aliona pazia likitikisika. Wengi huenda walikuwa hawamwangalii yeye. Lakini ndivyo maradhi yake yalivyo, hayakuachii hata pazia likatikiswa na upepo.

Alipofika nyumbani alichukua kisu kidogo akazipasua zile nusu kuwa robo. Zilivunjika vibaya, nyingine zikawa unga, akaulamba ule unga kwenye ncha ya kidole asiupoteze. Buazza alimwona akifanya hivyo. Akageuza uso.

"Ningekwenda mimi badala yako," alisema.

"Wanataka mgonjwa mwenyewe."

"Tumpe Si Jilali mikate mingine, aandike..." Akafikiri. "Aandike unamuuguza shangazi."

"Shangazi gani? Shangazi zetu wote wamekufa. Utawaua mara ngapi na kuwafufua, mradi mimi nisitajwe?"

Kwa siku tano alikula robo. Jasho lilimtoka akiwa ameketi tu, mikono ikamtetemeka hata glasi ya chai ikawa inagonga sahani. Mara mbili alijiona anakufa, akalala sakafuni jikoni kwa kuwa vigae vilikuwa baridi, Buazza amepiga magoti pembeni na kitambaa chenye maji, analia bila sauti na bila kumwita mtu. Tuseme ukweli, Buazza alimpenda mkewe. Alimpenda na akamficha, na kwa miaka minne hakuona kwamba hayo ni mambo mawili.

Siku ya sita, Hnia alivaa jilbabu na barakoa akashuka mwenyewe.

Si Jilali alikuwa ameweka meza ya plastiki nje ya mkahawa uliofungwa. Mbele yake watu walisimama ndani ya duara za chaki, kila mtu na duara lake, wapata ishirini. Hnia akasimama katika lake. Lalla Ghanu akaingia la nyuma yake. Zamu ilipofika, Hnia aliiweka mezani ile karatasi ya soko.

"Ibadilishe sababu, Si Jilali. Nakwenda hospitali."

"Kwani Buazza hakusema mahitaji?" Si Jilali alimtazama juu ya miwani. "Una nini? Homa?"

"Sina homa."

"Kikohozi? Kama ni kikohozi usinikaribie, kuna namba ya kupiga."

"Nina maradhi ya wasiwasi. Dawa yangu inakwisha, na hawanipi mpaka wanione."

Si Jilali akaweka kalamu chini, akacheka, na kicheko hakikuwa cha ubaya sana; kilikuwa cha mtu aliyechoka aliyeletewa kichekesho. Akasema kwa sauti ya kutosha foleni nzima, "Wasiwasi? Sote tuna wasiwasi, Lalla Hnia. Nikimwandikia kila mwenye hofu, nani atabaki nyumbani?"

Duara zikacheka. Mzee mmoja akasema, "Basi niandikie na mimi, namwogopa mke wangu," zikacheka tena.

Miguu ya Hnia ilikuwa inataka kurudi. Mwili wake wote ulikuwa unamwambia kimbia, kama unavyomwambia kila siku kwa sababu yoyote na bila sababu. Na hapo akashikwa na hasira, na hasira ikawa na nguvu kuliko hofu kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Wewe unaogopa korona," alisema. "Korona ikiondoka utavua barakoa ulale. Mimi niliogopa kabla haijaja, na ikiondoka nitabaki nayo hofu yangu. Ina jina, ina daktari na ina dawa, na ya leo ndiyo ya mwisho. Nikiikosa naweza kuanguka na nisiinuke. Andika."

"Niandike nini sasa? Hofu?"

"Andika hospitali ya wagonjwa wa akili."

Hapo hakucheka mtu. Si Jilali akainama kidogo, akanong'ona kwa mara ya kwanza, "Buazza anajua kwamba uko hapa?"

Hnia hakunong'ona. "Buazza alikuletea mikate minne ukaandika uongo. Mimi nimekuja mikono mitupu. Andika ukweli."

Nyuma yake alisikia viatu. Lalla Ghanu alikuwa ametoka kwenye duara lake, ameingia la nyuma zaidi, na aliyekuwa humo naye amerudi la nyuma yake, mpaka mwisho wa foleni. Si Jilali akaandika. Na kwa kuwa alikuwa ametajiwa mikate yake mbele ya watu, aliandika huku akitamka kila neno kwa sauti kama anayeandikisha imla: hospitali, ya wagonjwa, wa akili. Akagonga muhuri kwa nguvu hata meza ikayumba.

"Haya. Umefurahi?"

"Hapana," Hnia alisema, akaikunja karatasi yake na kwenda zake.

Kizuizini alikuwepo askari yuleyule. Akaisoma karatasi, safari hii bila mzaha. Alirudi nyuma hatua nne, mbili zaidi ya zile za kikohozi, akamfungulia chuma.

Nje ya ukuta wa hospitali Hnia aliwakuta watu kumi na mmoja. Walisimama mbalimbali juani, na kila mmoja alikuwa na kikapu au mfuko. Mwanamke mjamzito alikuwa na kikapu. Kijana mwenye kucha zilizotafunwa mpaka damu alikuwa na mfuko wa nailoni. Mwanamume mmoja wa makamo, koti safi na tai, alishika kikapu cha mkewe, na ndani yake alikuwa ametia kitunguu kimoja cha kuonyeshea.

Mlinzi wa lango alikuwa anawahutubia, na ilionekana si mara ya kwanza. "Nusu ya jengo ni ya korona. Nina amri: mwenye karatasi ya ugonjwa aingie, asiye nayo aende. Ninyi nyote mmeandikiwa mahitaji. Mnaona mboga hapa?"

Mwenye tai akamgeukia Hnia. "Wewe imeandikwaje?"

Akamwonyesha. Mwenye tai akaisoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Uliipataje?"

"Niliomba."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Mimi ni mwalimu," alisema, kama anayejitetea mahakamani. "Nina wanafunzi thelathini na wanane. Wazazi wao ndio wanaosimama kwenye hiyo foleni." Kisha akaongeza, polepole, "Leo ni siku yangu ya tisa bila dawa," na Hnia akaona kwamba kikapu kilikuwa kinatetemeka, na kitunguu kinazunguka ndani yake.

Ndani, Daktari Siham aliketi katika ujia, nyuma ya meza ya shule, amevaa koti la mvua kwa kuwa mavazi ya kujikinga yalikuwa yamekwisha. Alimpima Hnia shinikizo la damu, akamuuliza amekula kiasi gani na kwa siku ngapi, akaandika cheti huku akitikisa kichwa.

"Mbona mmekuwa wachache? Kila wiki nilikuwa naona watu sabini. Leo wewe ni wa tatu. Nilidhani mnaogopa kutoka."

"Wako nje, daktari. Kumi na mmoja. Wameandikiwa sokoni."

Daktari akaacha kuandika. "Wameandikiwa nini?"

Hnia akamweleza. Alieleza yote, mikate minne na nyanya na duara za chaki, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa daktari ulivyozidi kuwa mwekundu juu ya barakoa.

"Nimeandika barua mara tatu waturudishie nusu ya jengo," alisema. "Wananijibu kwamba wagonjwa wa akili wanaweza kusubiri." Akachukua kitabu chake cha vyeti na kalamu, akatoka, Hnia nyuma yake.

"Daktari, hao hawana karatasi," mlinzi alisema.

"Wanazo. Wamekuja kununua mahitaji, na mimi ndiye ninayeuza. Nipishe."

Akawaandikia palepale, kitabu kakiegemeza ukutani, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa kumi. Mwalimu alikuwa amekwisha kuondoka. Mlinzi alisema ameondoka sasa hivi, hata dakika kumi hazijapita, akanyoosha kidole kuonyesha upande alikokwenda. Hakuna aliyejua jina lake, kwa sababu mahali pale watu hawaulizani majina.

Mtaa ulikuwa umekwisha kuhukumu kabla Hnia hajafika nyumbani. Siku ya pili, badala ya mbao sitini, tanurini zilikuja tisa. Siku ya tatu zilikuja nne. Watu waligundua kwamba mkate unaweza kuokwa juu ya jiko la gesi, ukatoka mgumu na umeungua chini, wakaula hivyohivyo kwa moyo mmoja.

"Umeona?" Buazza alisema. Alikuwa amesimama mbele ya rafu tupu, mkononi koleo refu la kutolea mikate. "Nilikwambia. Neno kwa neno nilikwambia."

"Uliniambia," Hnia alisema. Alikuwa amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki, na mikono yake ilikuwa imetulia. "Na mimi niko hai. Lipi limekuudhi?"

Tanuri lina mlango wa nyuma, wa kuingizia kuni, unaofungukia kichochoro kisichopita watu. Siku hiyohiyo, baada ya adhuhuri, ulibishwa. Alikuwa Lalla Ghanu, mtandio umevutwa mpaka kwenye nyusi.

"Lalla Hnia, dada yangu," alisema kwa mnong'ono. "Nina neno. Silali. Tangu walipotangaza, silali. Kifua kinanibana, naona nakufa, naamka kuwagusa watoto kama wanapumua. Hicho kidonge chako, nipe hata nusu."

"Dawa ile si ya kugawana, Lalla Ghanu. Itakudhuru. Nenda kwa daktari, ni mwanamke na ana huruma."

"Na karatasi?"

"Utamwambia Si Jilali, atakuandikia. Ameshajua tahajia."

"Mimi? Pale mezani?" Lalla Ghanu alirudi nyuma. "Watu watasema nini?"

"Watasema ulichosema wewe."

Lalla Ghanu akatazama chini, akazunguka kuni, akaondoka. Asubuhi Hnia aliuangalia mlango wa mbele kuona kama ubao wake utakuja, wenye kitambaa cha mistari ya kijani. Haukuja. Badala yake alasiri mlango wa nyuma ulibishwa na mwanamke mwingine, na kesho yake na wawili. Wote walinong'ona, wote walimwita dada, na kila mmoja alidhani yuko peke yake katika mtaa mzima. Hnia aliwasikiliza. Aliwaonyesha kuhesabu pumzi, akawaambia jina la daktari, akawaandikia maneno ya kumwambia Si Jilali. Wa tano alikuwa mke wa Si Jilali mwenyewe. Na mbao tanurini zilikuwa zilezile nne.

Buazza aliwasikia wote akiwa upande wa pili wa kuni. Huyo wa tano alipoondoka, alijipangusa majivu mikononi. Kisha akaenda akaleta nyundo, misumari mirefu na ubao mnene wa sanduku, akaukaza mlango wa nyuma juu, katikati na chini. Alipiga kwa hasira, mapigo yakasikika mpaka madarini, na wanawake waliokuwa wakianika nguo wakainama kutazama.

"Unafanya nini?" Hnia aliuliza.

Buazza hakumgeukia. Aliwageukia wale wa juu, akasema kwa sauti aliyokuwa ameificha miaka minne, "Anayetaka kuzungumza na mke wangu apitie mlango wa mbele. Na aje na mikate yake."

Kisha akarudi ndani kuitoa mikate ya zile nyumba nne, maana ilikuwa imeanza kuungua.